Feliks Nowowiejski: mpiga kinanda wa mpakani aliyewatungia Wapolandi wimbo wa kiapo

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya wa parokia moja mkoani Kilimanjaro. Katika sanduku la noti za muziki lililoachwa na padri mmisionari aliyerudi kwao, amekuta kipande cha muziki wa kinanda cha mabomba kilichotungwa na mtu aitwaye Feliks Nowowiejski. Kichwa chake kimeandikwa kwa Kijerumani, ila kinataja Krismasi katika kanisa la kale la Bikira Maria mjini Kraków, Polandi. Anauliza hivi: "Mwenzangu mmoja ananiambia huyu alikuwa Mjerumani aliyesomea Berlin. Mwingine ananiambia ndiye aliyetunga wimbo ambao Wapolandi waliuimba dhidi ya Wajerumani. Yupi anasema kweli? Na je, alikuwa mtu wa kinanda hasa, au mtunzi wa nyimbo za siasa aliyepitia kanisani?"

Mwalimu mwenzangu,

Wote wawili wamekuambia kweli, ila kila mmoja ameshika pande lake. Nowowiejski alizaliwa raia wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, akasoma Ujerumani, kazi iliyompa jina duniani aliitunga juu ya maneno ya Kijerumani, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alivaa sare ya jeshi la Ujerumani. Na alikuwa Mpolandi, na wimbo ule ni wake kweli. Kuhusu swali lako la pili sina shaka hata kidogo. Alikuwa mtu wa kinanda tangu utotoni, na hata ule wimbo unaoitwa wa siasa umetungwa kwa mkono wa mtu aliyezoea kuongoza waumini akiwa amekaa kwenye benchi la kinanda. Nivumilie nikueleze kwa urefu, maana maisha yake hayaeleweki kwa sentensi mbili.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1877 katika mji mdogo ambao Wajerumani waliuita Wartenburg na Wapolandi wakauita Wartembork. Leo unaitwa Barczewo. Uko katika eneo la Warmia, kaskazini-mashariki mwa Polandi ya sasa. Kwa karne tatu Warmia ilikuwa ardhi ya maaskofu chini ya taji la Polandi, mpaka Prussia ilipoichukua mwaka 1772. Miaka 23 baadaye Polandi yenyewe ilifutika kwenye ramani, ikawa imegawanywa kati ya Prussia, Austria na Urusi, na haikurudi mpaka 1918. Kwa hiyo mtoto Feliks alipozaliwa, hapakuwa na nchi yenye jina hilo mahali popote duniani. Ukimuuliza mtu wa Warmia wa wakati ule yeye ni nani, huenda kwanza angekujibu kwamba ni Mkatoliki, kwa sababu majirani zake wengi wa Prussia Mashariki walikuwa Walutheri. Ndani ya kanisa moja wangeweza kukaa bega kwa bega watu wa Kijerumani na watu wa Kipolandi. Shuleni, serikali ilikuwa ikibana nafasi ya Kipolandi mwaka hadi mwaka.

Baba yake, Franciszek, alikuwa fundi cherehani. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na fedha kidogo. Kijana hakutoka katika ukoo wa wanamuziki wenye majina, na kilichomfikisha alikofika ni kile kilichowafikisha wengi wetu kwenye muziki: shule ya kanisa.

Akiwa na umri wa miaka kama kumi alipelekwa Święta Lipka, mahali pa hija panapojulikana sana upande ule, penye kanisa la mtindo wa Baroko. Hapo palikuwa na shule ya muziki, na ndipo alipojifunza piano, fidla, selo, honi na kinanda. Ningependa usimame kidogo na kulitazama kanisa hilo kwa macho ya mtoto wa fundi cherehani. Kinanda chake kilijengwa na Johann Josua Mosengel mwaka 1721, na mbele ya mabomba kuna sanamu za malaika na watakatifu ambazo husogea muziki unapopigwa. Malaika Gabrieli humwinamia Maria, naye Maria hujibu kwa kuinama. Mpaka leo mahujaji huketi chini wakaangalia. Mtoto aliyekulia mbele ya chombo cha namna hiyo hujua mapema kwamba kinanda kinaweza kusimulia. Mimi naamini mengi aliyotunga baadaye, yale yenye picha nyingi na milipuko ya sauti, yalianzia pale chini ya wale malaika, ingawa hilo ni hisia yangu kama mpiga kinanda na sikudai ulichukue kama ushahidi.

Mwaka 1893 mambo ya nyumbani yakaharibika kifedha, familia ikahamia Olsztyn, mji mkubwa zaidi wa Warmia, ambao Wajerumani waliuita Allenstein. Kijana wa miaka 16 akaingia katika bendi ya kikosi cha jeshi la Prussia ili asaidie nyumbani. Usiipuuze bendi hiyo. Kwa mtunzi, bendi ya jeshi ni darasa lisilolipiwa ada: unajua tarumbeta inachoka wapi, ngoma inabeba nini, na wimbo gani unaweza kuimbwa na watu mia tano bila mazoezi. Baadaye, kati ya 1898 na 1900, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini humo.

Bahati yake ya kwanza ilitoka mbali. Mwaka 1898 machi yake (muziki wa kutembelea gwaride), yenye jina ambalo kwa lugha yetu ni "Chini ya Bendera ya Amani", ilipata tuzo katika shindano la London. Fedha za tuzo zikamwezesha kwenda kusoma Berlin kwa muda mfupi katika konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Stern. Shika jina la machi hiyo, nitalirudia.

Kisha akaenda Regensburg, kusini mwa Ujerumani, kwenye shule ya muziki wa kanisa iliyoanzishwa na Franz Xaver Haberl mwaka 1874. Kwa Wakatoliki wa wakati huo Regensburg ilikuwa kisima. Wanamuziki wa pale walikuwa wamechoshwa na Misa zinazofanana na tamthilia za jukwaani, wakasema turudi kwenye nyimbo za Kigregori, zile za kale za Kilatini za sauti moja, na kwenye ufundi wa Palestrina, mtunzi wa Italia wa karne ya 16, ambapo sauti nne zinasukwa kama mkeka na hakuna hata moja inayojionyesha. Umewahi kuwakataza vijana wako wasilete kwenye Komunyo mapigo ya sherehe za harusi? Basi unaujua ugomvi wa Regensburg. Nowowiejski alichukua pale heshima ya nyimbo za Kigregori na hakuiacha tena. Ukali wa shule hiyo hakuuchukua. Alipenda mno rangi na kelele nzuri.

Kutoka hapo akaingia Berlin, kwenye darasa la utunzi la Max Bruch, Mjerumani ambaye konseto yake (utungo wa fidla na orkesta) bado inapigwa kila mahali. Mwaka 1902 akashinda Tuzo ya Giacomo Meyerbeer kwa oratorio (hadithi ya dini inayoimbwa na kwaya na orkesta bila kuigizwa) ya "Kurudi kwa Mwana Mpotevu", na mwaka 1904 akaishinda mara ya pili. Tuzo hiyo ilimruhusu mtunzi kijana kusafiri Ulaya na kukaa na mabingwa, na katika miaka hiyo alikutana na watunzi Dvořák, Mahler na Saint-Saëns. Katika kipindi hicho hicho cha Berlin, chini ya mwalimu Mjerumani, alikuwa pia akiandika muziki wenye vichwa kama "Swaty polskie", yaani uchumba wa Kipolandi. Hakuwa akijificha. Hakuona kwa nini ajifiche.

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Henryk Sienkiewicz alikuwa ameandika riwaya ya "Quo vadis" kuhusu Wakristo wa kwanza wa Roma chini ya Kaisari Nero, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Nowowiejski akaifanyia oratorio, kwa maneno ya Kijerumani yaliyoandaliwa na Antonie Jüngst. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1907 katika mji wa Ústí nad Labem, Bohemia (Ucheki ya leo), na mwaka 1909 ikapokewa kwa shangwe kubwa Amsterdam. Kuanzia hapo ilizunguka zaidi ya miji 100 ya Ulaya na Amerika, na mwaka 1912 ikafika Carnegie Hall jijini New York. Ni kazi kubwa: waimbaji wa solo, kwaya nene, orkesta na kinanda. Roma inawaka moto na umati unapiga kelele, askari wa Nero wanapita kwa machi, Wakristo wanasali kwenye makaburi ya chini ya ardhi, halafu kwenye Njia ya Apio Mtume Petro, anayekimbia mji, anakutana na Kristo na kumuuliza anakwenda wapi. Kazi inafungwa kwa fuga: sauti moja inatangaza mada, ya pili inaidaka, ya tatu, ya nne, mpaka jengo zima linatikisika. Uisikilize ukipata nafasi. Utamsikia mpiga kinanda wa Olsztyn, mwanabendi wa jeshi na mwanafunzi wa Regensburg wote wakiwa ndani yake.

Fikiria nafasi aliyokuwa nayo wakati huo. Ana miaka 32, ana tuzo mbili za Berlin, oratorio yake inatembea dunia nzima. Ujerumani ilikuwa tayari kumpa maisha ya starehe. Yeye mwaka 1909 akahamia Kraków na kuongoza Chama cha Muziki cha mji huo. Kraków ilikuwa sehemu ya Polandi iliyotawaliwa na Austria, ambako Wapolandi walikuwa na uhuru mkubwa zaidi wa lugha na utamaduni kuliko ndugu zao walio chini ya Prussia au Urusi.

Ili uuelewe wimbo, lazima ujue yaliyokuwa yakitokea upande wa Prussia. Mwaka 1901 katika mji wa Września watoto wa shule walikataa kujibu katekesimu kwa Kijerumani, wakachapwa viboko, na wazazi waliopiga kelele wakafungwa. Wewe unayefundisha watoto Baba Yetu, pima mwenyewe uzito wake: mtoto anapigwa kwa sababu ya lugha anayosalia. Mwaka 1908 Prussia ikapitisha sheria ya kuruhusu serikali kuwanyang'anya Wapolandi mashamba yao kwa lazima. Mwaka huo huo mshairi Maria Konopnicka akaandika shairi la "Rota". Neno hilo lina maana ya maneno ya kiapo, kama yale anayotamka shahidi mahakamani. Shairi linaapa kutoiacha ardhi ya mababu, kutoiacha lugha, na kutokubali watoto wafanywe Wajerumani, na kila ubeti unafunga kwa kumwomba Mungu asaidie kukitimiza kiapo.

Tarehe 15 Julai 1910 ilikuwa miaka 500 tangu vita vya Grunwald, ambapo majeshi ya Polandi na Lithuania yaliwashinda watawa-wapiganaji wa Kijerumani, Wateutoni. Mpiga piano Ignacy Jan Paderewski aligharamia mnara wa kumbukumbu mjini Kraków, na siku ya kuuzindua kwaya yenye mamia ya waimbaji iliimba "Rota" mbele ya umati, Nowowiejski mwenyewe akiongoza kwa mkono. Melodia ilikuwa yake.

Utazame wimbo huo kama mtu wa kwaya. Mwendo wake ni wa taratibu. Sauti nne zinakwenda pamoja, silabi kwa silabi, bila mapambo. Hakuna mahali ambapo sauti ya tena (tenor) inapanda hadi ikavunjika, wala besi haizami isikosikika. Mstari wa mwisho, ule wa kumwita Mungu, unarudiwa, na mwimbaji analazimika kuvuta pumzi na kuapa mara ya pili. Hiyo si machi ya askari. Ni utenzi wa kanisani, umejengwa kama zile nyimbo ambazo mpiga kinanda akishatoa sauti ya kuanzia, kanisa zima linaingia lenyewe. Melodia yake imebaki kwa sababu mtu asiyejua noti anaishika ndani ya dakika tano, na umati ukiimba hausikiki umekosea. Ufundi huo haufundishwi kwenye darasa la Max Bruch. Unafundishwa Jumapili asubuhi, kati ya Misa ya kwanza na ya pili.

Uliuliza kama alikuwa mtunzi wa siasa. Alitunga wimbo mmoja ambao siasa iliushika na haikuuachia. Upande wa Ujerumani, milango iliyokuwa wazi kwake ikaanza kufungwa, na kazi zake hazikupokewa tena kama mwanzo. Halafu vita vikaanza. Mwaka 1914 alikuwa amerejea Berlin, na kwa kuwa kisheria alikuwa raia wa Ujerumani, aliingizwa jeshini na kuwekwa kwenye orkesta ya kambi ya mjini humo. Mtunzi wa "Rota" ndani ya sare ya Kijerumani! Nimesikia watu wakilisema hilo kama aibu yake, na wakati wa uhai wake pia walikuwapo Wapolandi waliomtilia shaka kwa ajili ya miaka yake ya Berlin. Mimi naliona tofauti. Mtu wa mpakani hachagui sare, huletewa. Alipopata nafasi ya kuchagua alichagua wazi: mwaka 1919, Polandi ilipokuwa imerudi kwenye ramani, alihamia Poznań na kuishi huko.

Kabla hata hajatulia, Warmia ikaitwa kwenye kura ya maoni. Watu wa Warmia na wa eneo jirani la Masuria walitakiwa kuamua wabaki Prussia Mashariki au waingie Polandi. Nowowiejski akaingia kazini kwa kadiri alivyojua, kwa matamasha na nyimbo, na katika mwaka huo wa 1920 akaandika "O Warmio moja miła", wimbo wa kuibembeleza ardhi aliyozaliwa. Kura ikapigwa tarehe 11 Julai 1920, na zaidi ya asilimia 97 wakachagua Ujerumani. Nyumbani kwao kukabaki ng'ambo ya mpaka. Hilo nadhani lilimuuma kuliko lolote lililosemwa juu yake magazetini, na ukisikiliza ule wimbo wa Warmia utaona hauna hasira hata chembe. Ni wa mtu anayeita jina la mama yake.

Poznań ndiko alikofundisha. Kuanzia 1920 hadi 1927 alikuwa mwalimu katika konsavatori ya mji huo, akifundisha kinanda na muziki wa kanisa na kuongoza orkesta. Kumbuka hali ya nchi: wapiga kinanda wengine wa Polandi walikuwa wamesomea ugenini, kama yeye mwenyewe, na sasa nchi mpya ilihitaji kuwalea wake nyumbani. Mwaka 1924, tarehe 28 Novemba, opera yake ya "Legenda Bałtyku" ilifunguliwa jukwaani Poznań, yenye hadithi ya wavuvi na mji uliozama baharini. Polandi ilikuwa imepata pwani miaka minne tu nyuma yake, na watu walikuwa na kiu ya kusikia bahari yao ikiimbwa. Baada ya 1927 aliacha ajira ya kufundisha ili atunge na apige matamasha ya kinanda.

Na hapa ndipo penye hazina ambayo naomba uijue hata ukisahau mengine yote. Kwenye miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930 aliandika simfonia tisa kwa ajili ya kinanda peke yake, zenye namba Opus 45 katika orodha ya kazi zake. Neno simfonia likikushangaza, uko sawa kushangaa, maana tumezoea kulisikia kwa orkesta. Asili yake ni Ufaransa. Karne ya 19 mafundi wa huko, hasa Aristide Cavaillé-Coll, walijenga vinanda vyenye sauti nyingi na nguvu kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kutoa mnong'ono wa filimbi na kishindo cha tarumbeta bila kuinuka kwenye benchi. Charles-Marie Widor akaandika simfonia kumi za namna hiyo, Louis Vierne akaandika sita. Nowowiejski aliwafuata kwa njia yake: melodia za Kigregori na nyimbo za kanisani za Kipolandi anazitia ndani kama mbegu, kisha anazikuza mpaka zinajaza jengo.

Mimi nilikutana na Simfonia ya Nane nikiwa mwanafunzi, kupitia kaseti iliyokwisha kuchakaa. Niliirudia mara tatu usiku ule. Kinachonishika hadi sasa ni uvumilivu wake. Anaanza gizani, mabomba mazito ya chini yakisogea kama mtu anayepapasa ukuta, na hakupi mwanga mpaka umeuhitaji kweli. Ukweli mwingine niuseme: si kila kitu chake ni dhahabu. Mara nyingine anarundika sauti juu ya sauti mpaka kichwa kinachoka, na katika baadhi ya kazi za kwaya anashindwa kunyamaza mahali ambapo ukimya ungefaa zaidi. Lakini kwenye kinanda ana jambo la kusema, na analisema kwa sauti ambayo si ya Widor wala ya Vierne.

Heshima zilikuja: mwaka 1935 Papa Pius XI alimpa cheo cha heshima cha shambelani wa Papa, na katika kipindi hicho serikali ya Polandi ikampa tuzo yake ya muziki. Miaka minne tu baadaye Wajerumani wakaivamia Polandi. Poznań iliunganishwa moja kwa moja na Ujerumani ya Hitler, na mtunzi wa "Rota" hakuweza kuonekana barabarani. Alijificha katika hospitali ya masista wa Mtakatifu Elizabeti, kisha akaondoka kwenda Kraków. Ule mnara wa Grunwald aliouzindua kwa wimbo wake, Wajerumani waliuvunja. Ulijengwa upya mwaka 1976, yeye akiwa kaburini miaka thelathini.

Huko Kraków, mji ukiwa umekaliwa, aliendelea kuandika. Mwaka 1941 alikuwa na konseto ya piano na orkesta, na simfonia yake ya nne ya orkesta. Simfonia hiyo aliiita "Simfonia ya Amani". Nilikuomba ushike jina la ile machi ya London. Aliingia kwenye utunzi mwaka 1898 na "Chini ya Bendera ya Amani", katikati akaandika Misa iitwayo "Missa pro pace", Misa ya kuombea amani, na mojawapo ya kazi zake za mwisho imebeba neno lile lile. Mwenzako anayemjua kwa wimbo wa kiapo peke yake, mwonyeshe orodha hiyo.

Desemba 1941 alipata kiharusi, na kalamu ikakaa chini. Mwaka 1945 alirudi Poznań. Mwaka huo, mkutano wa Potsdam wa mataifa yaliyoshinda vita ulipochora mipaka upya, Warmia ikawa ndani ya Polandi, naye alikuwa hai. Alifariki tarehe 18 Januari 1946, akazikwa katika kripta ya kanisa la Mtakatifu Adalbert mjini Poznań, wanakolazwa watu walioitumikia sehemu ile ya nchi. Nyumba aliyozaliwa kule Barczewo sasa ni makumbusho. Olsztyn, alikopiga muziki katika bendi ya jeshi la Prussia, orkesta ya mji inaitwa kwa jina lake, na kila siku saa sita mchana sauti ya "O Warmio moja miła" hutoka kwenye jengo la halmashauri ya mji.

Sasa turudi kwenye karatasi uliyonayo mkononi. Kichwa cha Kijerumani kisikusumbue. Wachapishaji wa wakati ule waliandika kwa lugha ya soko lao, na mtunzi aliyetaka noti zake zinunuliwe Leipzig au Berlin alikubali. Ndani ya kichwa hicho cha Kijerumani ameweka kanisa la Kraków, na kanisa hilo analotaja ni moyo wa mji: ndilo lenye altare kubwa ya mbao iliyochongwa na Veit Stoss karne ya 15, na kutoka mnara wake tarumbeta hulia kila saa.

Kwa upande wa kuipiga, naelewa kwamba wengi wetu tuna kinanda cha umeme chenye safu moja ya vitufe na hakina pedali za miguu. Usikate tamaa. Noti za kinanda huandikwa kwa mistari mitatu, na mstari wa chini kabisa ni wa miguu. Mweke mwanafunzi wako kwenye kinanda cha pili, hata kiwe kidogo, apige mstari huo peke yake oktava moja chini ya ulivyoandikwa, nawe ushike mistari miwili ya juu. Akikosekana mtu, yaache mapambo ya mkono wa kushoto ili mkono huo ubebe besi. Kuikosa besi ni kosa kubwa zaidi kuliko kuyakosa mapambo. Usichague sauti moja ya "organ" ukaifungulia hadi mwisho tangu mwanzo: anza na filimbi laini, ongeza kila mada inaporudi, na nguvu yote iweke akiba kwa ukurasa wa mwisho, maana ndivyo yeye anavyopanga. Kuhusu kurudufu, mtunzi ameshafariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, kwa hiyo tungo zake zenyewe ziko huru. Angalia tu kama nakala yako ni ya mhariri wa karibuni, kwa kuwa kazi ya mhariri huweza kuwa na haki zake.

Kipande hicho kipigwe usiku wa mkesha wa Krismasi, kabla ya Misa, wakati watu wanaingia na taa hazijawashwa zote. Anza mazoezi mwezi Septemba, na ukikwama kwenye kurasa za katikati niandikie namba ya ukurasa na mstari, tutazame pamoja.